Mkuyu juu ya duka la Ngara

Baba alishona nguo miaka mingi kwenye veranda ya duka moja Ngara, mtaa wa Nairobi, cherehani yake ikikaa chini ya jiwe lililochongwa mwaka 1936. Desemba nilipokuja nyumbani nilipita kuliona. Paa la vigae limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, milango imepigiliwa mbao, na juu ya jiwe lile la mwaka umeota mkuyu, shina lake nene kama mkono wangu. Soja wa maegesho ya jirani hakuhitaji kuulizwa mara mbili: "Wenyewe wako ng'ambo. Wanangoja ianguke yenyewe."

Ng'ambo yenyewe ndiko ninakoishi. Katika mji wetu mdogo, katikati ya Uingereza, kuna kiwanda cha zamani cha viatu mkabala na kituo changu cha basi. Nacho ni mali ya mtu binafsi, nacho kimetelekezwa. Nyumbani Kenya tunaamini Wazungu wanapenda sana majengo yao ya kale. Sidhani. Majirani zangu wengi wangefurahi kibomolewe wapate pa kuegesha magari. Ila usemi wetu wa kuziba ufa, wenzetu wameutungia sheria.

Sheria hiyo ni ya 1990. Jengo likishaorodheshwa kuwa la kihistoria, halmashauri ya mji inaweza kumwandikia mwenyewe kwamba ndani ya siku saba itaingia kufanya matengenezo ya dharura: turubai juu ya paa, mbao madirishani, nguzo za kuegemeza ukuta. Inafanya, halafu inampelekea bili. Akizidi kukaidi, anaandikiwa notisi ya kukarabati, na miezi miwili ikipita inaweza kuanza safari ya kulinunua kwa lazima. Na ikithibitika aliliacha lioze makusudi ili apate kulibomoa, analipwa fidia ya chini kabisa.

Si pepo, lakini. Kiwanda chetu kimezungushiwa mabomba ya chuma tangu nihamie. Halmashauri haina hela, na kununua kwa lazima inakuogopa, kwa sababu mzigo utabaki mikononi mwake. Lakini paa limezibwa. Jengo lenye paa linaweza kusubiri warithi wagombane hata miaka ishirini. Lisilo na paa halisubiri masika mawili.

Nairobi tuna ngazi yenye kidato cha juu na cha chini tu. Juu kuna Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, ambapo Waziri hutangaza jengo kuwa turathi katika Gazeti Rasmi. Katiba ya 2010 nayo iliiachia serikali kuu majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, mipango ya ujenzi ikaenda kaunti. Duka la fundi cherehani Ngara halina umuhimu wa kitaifa, tusidanganyane. Basi ni la nani? Chini kabisa kuna ile X nyekundu ya majengo ya hatari tuliyoizoea baada ya ghorofa la Huruma kuanguka 2016. Yaani jengo linatambuliwa likiwa la fahari au likiwa karibu kuua watu. Na kodi ya ardhi ya Nairobi tangu zamani imehesabiwa kwa kiwanja, si kwa nyumba, kwa hiyo paa likianguka mwenyewe hapotezi hata senti kwa kaunti.

Wala sisemi mali ya mtu binafsi ndiyo ubaya. Kipande House ya 1913 iko mikononi mwa benki na imesimama vizuri. Sinema ya Shan, hapo hapo Ngara, imekuwa Sarakasi Dome, ukumbi wa maonyesho. Hayo yana watu ndani. Tatizo ni hati zilizobaki kwa majina ya mababu, ukoo ukiwa umetawanyika tangu Wahindi wengi walipoondoka mwishoni mwa miaka ya 60.

Mmoja wao ni jirani yangu huku, mzee aliyezaliwa Ngara, mwenye fungu katika jengo la babu yake pamoja na binamu kibao, wengine Kanada. Nilimuuliza kwa nini wameliacha. Akacheka. "Miaka hamsini hakuna aliyeniandikia barua. Ningeletewa bili ya paa, ningewapigia wote usiku huohuo."

Hicho ndicho kidato tunachokosa. Kaunti izibe paa, gharama iandikwe kwenye kodi ya ardhi ya kiwanja hicho. Hati isihamishwe kabla deni hilo halijalipwa, na siku ya kuuza italipwa. Najua mtakachosema: kanjo, yaani watu wa kaunti, watatoza paa ambalo hawajaliziba. Ni kweli wanaweza. Basi picha za kabla na baada zibandikwe mlangoni pamoja na bili, tuzione sote tunaopita.

Nilimwonyesha mzee picha ya duka alikoshonea baba. Hakuliangalia paa. Aliikuza picha kwa vidole hadi kwenye ule mkuyu, akauliza kama bado unang'oleka bila kuondoka na ukuta. Nikamwambia nadhani mwaka huu bado unang'oleka.