Uchanganuzi wa Biashara kama Shahada ya Kwanza: Hoja za Pande Mbili

Uchanganuzi wa biashara, yaani kutumia takwimu na kompyuta kuzisoma data za mauzo, gharama na wateja kabla ya kufanya uamuzi, ulipata nguvu vyuoni kwanza katika ngazi ya uzamili. North Carolina State University, nchini Marekani, kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya uchanganuzi mwaka 2007. Leo vyuo vingi vinaifundisha fani hii kwa wanaotoka sekondari moja kwa moja, na wapo wanaoona kwamba imeshushwa mno.

Wanachohofia ni kwamba mwanafunzi anayeonjeshwa uhasibu kidogo, masoko kidogo, takwimu kidogo na programu kidogo atahitimu bila kubobea popote, kisha aende kugombea kazi na mwanatakwimu halisi. Hofu hiyo ina msingi, hasa pale mtaala unapotumia mihula mizima kufundisha kuchora grafu kwa programu ambayo huenda ikaachwa baada ya miaka michache.

Wanaoitetea shahada hii husema kwamba takwimu hueleweka vizuri zaidi zinapofundishwa pamoja na maswali ya kazi, na historia inawaunga mkono. William Gosset alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness alipochapisha mwaka 1908, kwa jina la bandia la Student, mbinu ya kupima sampuli ndogo ambayo hadi leo hufundishwa kila mahali. Hata hivyo, tusisahau kwamba Gosset alisoma kemia na hisabati Oxford. Biashara ya bia aliikuta kazini.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito. Mambo ya biashara mtu anaweza kuyajifunza akiwa kazini, lakini ni wachache mno wanaopata nafasi ya kujifunza nadharia ya uwezekano, yaani hisabati ya kupima jambo lina nafasi gani ya kutokea, wakiwa wameshaajiriwa. Mauzo yakipanda baada ya bei kupunguzwa, kuchora mstari unaopanda si kazi ngumu. Kazi ni kujua kama yangepanda hata bila punguzo, na hilo linahitaji mtu aliyefundishwa kupanga jaribio lenye kundi la kulinganisha. Kwa hiyo, anayefikiria kujiunga na aanze kwa kuhesabu, katika orodha ya masomo ya chuo husika, ni mangapi yanayohusu uwezekano, regresheni (kupima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na kingine), upangaji wa majaribio na hifadhidata.