Mlinzi Bila Kikapu: Sanamu za Wakota Zinadaiwa na Nani?

Zitazame sanamu za Wakota, watu wa mashariki mwa Gabon, zilivyosimamishwa kwenye makumbusho ya Ulaya. Uso ni mrefu, umebonyea kama upawa. Mti umevishwa shaba iliyopondwa hadi ikawa nyembamba, ikakunjwa ukingoni na kupigiliwa. Mikanda myembamba ya shaba imepangwa sambamba kutoka puani hadi mashavuni. Kichwani kuna umbo la mwezi mwandamo, na kila upande kuna kama bawa la nywele zilizosukwa. Ukishuka chini ya shingo unakuta mti mtupu wenye umbo la almasi, hauna shaba. Wazungu wengi wa mwanzo walidhani hiyo ni miguu iliyokunjwa, mtu anacheza ngoma.

Kumbe sehemu hiyo ilizama ndani ya kikapu. Na humo kikapuni mlikuwa na fuvu na mifupa ya wazee wa ukoo, waasisi wake na watu waliotukuka, pamoja na dawa na vitu vyao vya thamani. Sanamu, mbulu ngulu, ilifungwa juu yake kama mlinzi. Ilisuguliwa kwa mchanga ing'ae, kwa kuwa mng'ao ule ndio uliofukuza ubaya. Vikapu viliwekwa kwenye kibanda chao, na wazee waliviendea ukoo ulipopata ugonjwa, au kabla ya kwenda kuwinda. Michoro ya msafara wa Brazza, mpelelezi wa Ufaransa, wa miaka ya 1880 inaonyesha vikapu hivyo vikiwa kamili, mlinzi na anaowalinda.

Nimeanza na kikapu kwa sababu mjadala wa leo, kama sanamu hizi zirudi Gabon au zibaki Ulaya na Marekani, unaendeshwa kana kwamba hakikuwahi kuwepo.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika upotofu huo. Tumezoea kusema “kuabudu mizimu”, na neno kuabudu linaifanya mbulu ngulu ionekane mungu wa shaba. Neno lililo karibu zaidi ni kutambika. Anayetambika anaongea na babu yake, anampa habari za nyumbani, anaomba msaada wake. Tofauti hii ni nzito. Kama kitu ni sanamu iliyoabudiwa kisha waumini wakabadili dini, ni rahisi kusema hakina mwenyewe. Kama kilisimama juu ya mifupa ya babu, kinakaribia kuwa alama ya kaburi, na kaburi halikosi mwenyewe kwa sababu tu wajukuu wamebatizwa.

Upande wa wanaotaka zibaki una hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Chini ya shinikizo la wamisionari na utawala wa kikoloni, watu wenyewe walizichoma nyingine, wakazificha au wakazitupa. Zilizovuka bahari ziliepuka moto. Pili, nyingi hazina jina la kijiji zilikotoka. Frederic Cloth, mtaalamu wa kompyuta wa Ubelgiji, alikusanya takwimu za sanamu zaidi ya 2,000 ili kuzipanga kwa mitindo yake, na hata hapo unapata kundi, si ukoo. Utamkabidhi nani? Tatu, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi: utakatifu ulikuwa kwenye mifupa. Sanamu iliyochakaa ingeweza kuchongwa nyingine. Fuvu la babu halichongwi.

Kuhusu hoja ya kwanza, naona pwani ya Kenya inatupa jibu. Vigango vya Wamijikenda, nguzo zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu, huachwa palepale hata kijiji kikihama. Kuachwa huko ndiko desturi yenyewe. Walioving'oa na kuviuza Marekani walisema vimetelekezwa, lakini mwaka 2007 viwili vilirejeshwa Kenya vikitambuliwa kuwa mali ya familia iliyoibiwa. Aliyeficha mbulu ngulu msituni ili padre asiione hakuwa ameitoa zawadi.

Hoja ya pili inapungua nguvu kila mnada unapofunguliwa. Sanamu moja iliyowahi kuwa ya William Rubin, msimamizi mashuhuri wa makumbusho ya MoMA ya New York, iliuzwa Paris mwaka 2015 kwa zaidi ya euro milioni 5. Historia ya wamiliki wake wa Ulaya na Marekani ilitajwa kwa fahari na ikapandisha bei. Juhudi za kumtafuta mmiliki wa mwaka 1920 zipo; za kumtafuta wa mwaka 1880 hazijafanywa kwa bidii ileile.

Hoja ya tatu naikubali, ila naona inawageukia wanaoitoa. Kama uzito uko kwenye mifupa, basi swali la kwanza kwa kila makumbusho ni hili: kikapu kiko wapi? Vilivyobaki kamili ni vichache sana. Desemba 2023 Ufaransa ilipitisha sheria ya kurudisha mabaki ya watu yaliyo kwenye hazina zake za umma ili yakapewe heshima za maziko, na Agosti 2025 mafuvu matatu ya Wasakalava yakakabidhiwa kwa Madagaska, mojawapo likiaminika kuwa la Mfalme Toera aliyeuawa mwaka 1897. Kwa Wakota pia njia ingeanzia hapo: vikapu vyenye mifupa kwanza, pamoja na walinzi wake, bila kuvitenganisha kwa kisingizio kwamba mifupa ni mabaki na shaba ni sanaa.

Sanamu zilizokwisha kutengwa na vikapu vyake ni kesi ngumu zaidi, na sidhani kuzihamisha kutoka kabati la kioo la Paris hadi kabati la kioo la Libreville kunamaliza deni. Wazee wa Haut-Ogooué na Ogooué-Ivindo, mikoa ya Wakota huko Gabon, ndio wa kuulizwa kwanza, kabla ya mawaziri, na wanaweza kutoa majibu yasiyofanana. Wengine huenda wakataka zirudi nyumbani, na wengine wakasema mlinzi asiye tena na anaowalinda abaki alipo, bora wale aliotenganishwa nao watafutwe.