Hofu Yenye Kiingilio

Mwezi Juni, mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Pemba, tulifuatana naye, mimi, binti yangu na wavulana wawili wa jirani yetu Mkongomani, hadi Monroeville, mashariki ya Pittsburgh, kwenye tamasha la mashabiki wa filamu za kutisha. Picha moja ya siku ile, inayomwonyesha mama ameketi na buibui lake kati ya vijana wawili waliojipaka damu, niliituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kabla ya magharibi kaka yangu alikwisha kuniuliza ni akili gani ya kumpeleka mzee wetu kwenye mashetani. Baadhi ya wenzangu wa huku ughaibuni waliniambia hayo hayo kwa maneno laini zaidi, kwamba hayo ni mambo ya watu waliokosa shida za kweli hata wakaamua kuzinunua. Nimeishi Marekani miaka kumi na minne, na kwa sababu nililelewa mahali ambapo hofu ilikuwa jambo la kweli kabisa, naona wanastahili jibu lililofikiriwa.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, Wete, katika Ramadhani ya mwaka 1995, alipoingia popobawa, jini aliyesemekana huwavamia watu usiku majumbani mwao. Sisi watoto hatukuambiwa alikuwa akiwafanya nini watu. Tulijua tu kwamba jua likizama nyumba zinaachwa, mikeka inatandikwa uani na barazani, moto unakokwa, na majirani ambao mchana walikuwa hawasemezani wanalala bega kwa bega hadi alfajiri. Ilisemekana kwamba aliyetokewa lazima awasimulie wenzake, la sivyo popobawa atarudi. Hofu ile ilivuka bahari ikafika Unguja, na huko mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, mgeni asiyejulikana mtaani, alishukiwa kuwa ndiye popobawa mwenyewe, akauawa na umati. Baba alilisikia redioni, akaizima, na jina la yule maskini halikutajwa nyumbani kwetu kamwe, kwa kuwa hakuna aliyelijua.

Ninayasema haya kwanza ili isidhaniwe kwamba nilikwenda Monroeville kama mtu asiyejua uzito wa hofu. Jirani yetu, dada aliyekimbia vita Uvira, mashariki ya Kongo, akiwa na mtoto mgongoni, aliujua uzito huo kuliko mimi. Nilipomwalika alinijibu kwa upole kwamba yeye ameona maiti za kweli, haoni sababu ya kulipa ili aone za uongo, lakini wanawe hawa wawili wamezaliwa huku na wanatamani sana, basi niende nao. Sikumshawishi zaidi, na hadi leo sidhani kwamba ningekuwa na haki ya kumshawishi.

Monroeville si mahali palipochaguliwa ovyo. Mwaka 1968 mtengenezaji filamu wa Pittsburgh, George Romero, pamoja na rafiki zake, walitoa filamu ya Night of the Living Dead, inayohusu wafu wanaoinuka na kula watu, waliyoipiga karibu na mji mdogo wa Evans City kwa takriban dola 114,000, fedha kidogo mno hata kwa wakati ule. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo damu waliyoitumia ilikuwa rojo la chokoleti. Miaka kumi baadaye ikatoka nyingine ya Romero, iliyopigwa ndani ya jengo la maduka la Monroeville, usiku, baada ya wateja kuondoka. Tangu hapo mashabiki huja mji huu kama watu wanaozuru makaburi ya wazee: wanaonyeshana lifti ilipokuwa, wanasimama alipopita mwigizaji fulani, wanasimulia walikuwa na umri gani walipoiona filamu mara ya kwanza na nani alikuwa amewashika mkono. Wazee wenye mikongojo walikuja na wajukuu waliovaa kama maiti. Nilimwona baba mmoja akimrembea mwanawe kidonda cha shavuni kwa utulivu ule ule ambao mama zetu hutumia kumtia mtoto wanja siku ya Idi.

Mama aliingia kwa bismillahi na kunishika mkono kwa nguvu. Kijana wa kwanza kutukaribia alikuwa na uso ulioraruka na meno marefu ya bandia. Alipoona kwamba mama ni mtu mzima, aliyavua yale meno, akayatia mfukoni, akainamisha kichwa na kumsalimia. Mkono wa mama ukalegea. Tangu pale akawa anawatazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, akiuliza kupitia kwa mjukuu wake ngozi ile ni ya mpira au ya karatasi, na damu ile ikikauka inatokaje nguoni. Walimjibu kwa furaha. Kwenye meza moja walimwekea kidonda cha bandia kiganjani ili akishike, na kila alichouliza kilifunuliwa mbele yake. Yapo nisiyoyapenda, nayo ni bei: saini ya mwigizaji dola 40 au zaidi, picha ya pamoja zaidi ya hapo, na mtoto asiye na fedha hubaki kutazama migongo ya watu kwenye foleni.

Katika mazungumzo ya meza ile ndipo mama alipoeleza habari ya msukule. Aliwaambia kwamba kwetu maiti anayetembea hali watu; yeye ndiye anayeliwa, kwa maana huchukuliwa na mchawi, watu wakazika kitu kingine wakidhani ni yeye, kisha akalimishwa shamba usiku bila ujira wala sauti. Mwenye meza alisisimka, akasema kwamba hiyo ndiyo zombi ya Haiti ya zamani, kabla filamu hazijaibadilisha: mtumwa ambaye hata kufa hakumpi uhuru. Nami nilikuwa nimesoma kwamba wataalamu wengi wa lugha hulihusisha neno lenyewe na lugha za Kongo, lililovushwa bahari na watu waliouzwa, hivyo nikawageukia wale wavulana nikawaambia kwamba neno wanalolipenda lilipita karibu na kwao kabla ya kufika Pittsburgh. Katika filamu ya mwaka 1968, kwa hakika, neno hilo halitamkwi hata mara moja. Ni mashabiki waliolileta baadaye.

Binti yangu ndiye aliyemsimulia bibi yake mwisho wa filamu ile. Shujaa wake ni kijana mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones, jambo la nadra katika miaka ile. Anapambana usiku kucha ndani ya nyumba iliyozungukwa, wenzake wote wanakufa, na asubuhi anapotokeza dirishani kuwatazama watu wenye bunduki waliokuja kusafisha eneo, wanamdhania kuwa ni mmoja wa wafu na wanampiga risasi. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Kama yule wa Unguja.” Binti yangu hakuelewa, kwa kuwa sikuwahi kumsimulia. Ilinibidi nimweleze pale pale, katikati ya makelele, miaka thelathini baada ya tukio.

Basi nimjibu kaka yangu. Tulipokuwa wadogo, bibi yetu hakuanza kusimulia habari za zimwi bila kwanza kuita “Hadithi! Hadithi!”, nasi tukaitikia, “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!” Tuliukaribisha uongo kwa jina lake. Zimwi lilitutetemesha, tukajifunika kanga hadi puani, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeamka asubuhi akamtazama jirani kwa jicho baya, maana mlango tulioingilia katika hofu ulikuwa wazi na tuliutoka kwa mguu wetu. Popobawa alikuja bila mlango huo. Hakuna aliyesema “uongo njoo”, na hofu isiyo na mlango hutafuta mtu wa kubandikwa. Kwetu Pemba na Unguja ilimpata mgonjwa. Usukumani imewapata vikongwe ambao macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi jikoni. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mganga alisema na watu wakamwamini. Wala Wamarekani wasijione wamesalimika, kwani huko Salem, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi na mzee mmoja akaminywa kwa mawe hadi kufa, na waliowashtaki walikuwa majirani zao.

Kwa maoni yangu, kile nilichokiona Monroeville kiko upande wa bibi yetu. Kiingilio kile cha mlangoni, pamoja na ubaya wake wa fedha, kinafanya kazi ya “uongo njoo”: kila aliyepita pale amekubali mbele ya wenzake kwamba hii ni kazi ya mikono, na anayetaka ataonyeshwa mikono iliyoifanya. Kinachonisikitisha ni kwamba sisi tulikuwa na kitu hicho bure, uani, tena kikisimuliwa na mtu anayetupenda, na sasa tunakiacha. Nikirudi nyumbani siwakuti watoto wakisimuliwa. Nawakuta wakitazama katika simu video za mtu aliyegeuka nyoka au maiti aliyeonekana sokoni, zote zikidai kuwa ni tukio la kweli, na wakubwa wakizisambaza kwa dua na vilio. Ukiniuliza kati ya video hizo na yule kijana aliyevua meno kumsalimia mama, kipi kinafundisha ushirikina, sitasita.

Ughaibuni nako kuna upungufu, tena mkubwa. Tamasha likimalizika Jumapili kila mtu hufunga virago na kurudi kwenye mlango wake uliofungwa, na mwenye hofu ya kweli usiku wa Jumatatu, awe mgonjwa, mjane au aliyefukuzwa kazi, hana mkeka wa jirani wa kulalia. Ule usiku wa kulala uani Wete, pamoja na ujinga wote uliouzaa, ulikuwa na rehema ambayo sijaiona hapa. Hii ndiyo sehemu ya Pemba ambayo naikosa zaidi, hata kuliko karafuu zikianikwa.

Nilimfikiria sana jirani yangu siku ile, hasa tulipofika kwenye meza iliyojaa picha za kazi za Tom Savini, mwana wa Pittsburgh aliyetengeneza vidonda vya ile filamu ya jengo la maduka. Alikuwa mpiga picha wa jeshi huko Vietnam. Amesema mwenyewe kwamba aliziona maiti halisi kupitia kamera yake, na kwamba alipoanza kutengeneza za bandia alitaka zifanane na zile alizoziona. Mtu mmoja ameona wafu akaenda kuwafinyanga kwa mpira, mwingine amewaona na hataki kuwaona tena hata kwa mchezo, na mimi ambaye sikuona vita sina la kumwongoza yeyote kati yao.

Usiku ule wavulana walilala kwetu. Walikuwa bado na rangi nyekundu masikioni, na hawakutaka kuzima taa. Mama akatandika mkeka sebuleni, akawaambia taa itazimwa naye atakaa nao, kisha akawafundisha kuitikia, mara ya kwanza kwa aibu, mara ya tatu kwa kelele. Jirani yangu, aliyekuwa amemaliza zamu ya usiku mapema na kuja kuwatazama wanawe, alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, viatu mkononi. Mama alimwona lakini hakukatiza. “Hadithi! Hadithi!” akaita tena, na safari hii sauti ya mtu mzima ilijibu kutoka mlangoni pamoja na za watoto, uongo njoo, utamu kolea, kisha dada yule akavuka kizingiti na kuketi ukingoni mwa mkeka.