Mraibu anapofungwa, hatari iko mlangoni

Mtu anayetumia heroini kila siku akikamatwa saa mbili usiku, ikifika alfajiri arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, imeshaanza. Anapiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vinamtoka, vinyweleo vinasimama. Baadaye tumbo linamkata, anaharisha, anatapika. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali kuliko zote. Baada ya wiki moja hivi mwili unatulia, na wanaomlinda wanasema ameacha.

Hajaacha. Kilichoondoka ni uwezo wa mwili kuhimili dozi aliyoizoea, ila kiu yake iko palepale. Akiachiwa baada ya miezi sita akatumia kiasi kilekile cha zamani, pumzi inakata. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulifuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Ndiyo maana nashikilia kwamba tunapoipima tiba ya wafungwa wenye uraibu, tuutazame kwanza mlango wa kuingilia na ule wa kutokea. Hapo ndipo watu wanapofia.

Tuanze na kuingia. Mapokezi yanahitaji majibu manne: unatumia nini, kiasi gani, kwa njia gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Maswali ni mepesi, lakini mara nyingi anayeyauliza ni askari mwenye kalamu, na aliyemkamata mtu huyo amesimama pembeni. Nani atasema kweli wakati jibu linaweza kugeuka ushahidi? Mhudumu wa afya aulize faragha, na majibu yabaki kwenye faili la matibabu. Kama mtu anasema alikuwa anakunywa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kliniki, isikisiwe dozi: ipigwe simu kliniki ileile, ithibitishwe dozi na siku aliyokunywa mara ya mwisho.

Pombe nayo isisahauliwe. Husemwa kwamba arosto ya heroini haiui, na kweli kwa kawaida haiui, ingawa mtu anayetapika na kuharisha bila kupewa maji anaweza kufa. Arosto ya pombe ndiyo inayoua waziwazi. Mikono huanza kutetemeka saa sita hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili, na kufikia siku ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, joto na mapigo ya moyo yakapanda. Huyo si mkaidi wa kufungiwa peke yake. Anahitaji diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa vipimo vinavyofuata hali yake, thiamini (vitamini B1), maji, na mtu wa kumwangalia usiku kucha.

Kwa heroini na jamii yake, tiba yenye ushahidi mzito ni methadoni au mwenzake buprenofini, ambazo huzuia arosto na kiu, na iendelee muda wote wa kifungo. Kumpunguzia mtu dozi hadi sifuri ndani ya wiki chache ni kumkausha tu. Methadoni huanzwa kwa miligramu 10 hadi 30, na siku ya kwanza isivuke 40. Huongezwa 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu: dozi ya leo inaikuta ya jana haijaisha. Anayeharakisha humkuta mgonjwa siku ya tatu au ya nne amelala kupita kiasi, anakoroma, midomo ya bluu. Upande wa pili kuna kosa la woga, ambalo naliona ni la kawaida zaidi, la kumwacha mtu kwenye miligramu 30 miezi mitatu. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Aliyeachwa chini ya hapo hujazia kwa unga unaoingizwa kinyemela, kisha anaandikwa kuwa tiba imemshinda.

Buprenofini ina mtego wake. Ikitolewa mapema, wakati heroini bado imejaa mwilini, inaisukuma nje ghafla na arosto inalipuka ndani ya saa moja au mbili. Subiri saa 12 hadi 24, na zaidi kwa anayetoka kwenye methadoni, mpaka dalili za arosto zionekane kwa macho. Vidonge vyake huyeyuka chini ya ulimi kwa dakika kadhaa, na ndiyo nafasi ya kuvificha shavuni na kwenda kuviuza. Sindano ya mara moja kwa mwezi inaondoa tatizo hilo. Methadoni ya maji ni rahisi kusimamia: anywe mbele ya nesi, anywe na maji juu yake, kisha aongee.

Mambo yanayoharibu tiba gerezani mara nyingi ni madogo. Mtu anapelekwa mahakamani gari linapoondoka alfajiri, dirisha la dawa likiwa halijafunguliwa, anarudi usiku dirisha limefungwa. Kesi ikiahirishwa mara tatu wiki moja, tayari amekosa dozi tatu, na baada ya kukosa siku kadhaa huwezi kumrudishia dozi kamili bila kumhatarisha. Dawa itolewe kabla ya gari kuondoka. Halafu kuna kifua kikuu, ugonjwa wa magerezani tangu zamani. Rifampisini huamsha ini kuivunja methadoni kwa kasi, kwa hiyo wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa za kifua kikuu mgonjwa anadai dozi haimtoshi. Nesi asiyejua hilo anamwona mwenye tamaa. Anasema kweli: dozi ipandishwe kwa kumfuatilia, na ishushwe rifampisini ikisimamishwa. Efavirenzi na nevirapini, dawa za virusi vya Ukimwi, hufanya vilevile.

Kwa kokeni na methamfetamini hakuna dawa ya namna hiyo iliyothibitishwa. Kinachosaidia zaidi ni ushauri pamoja na zawadi ndogo za papo hapo kwa kila kipimo safi.

Wengi hawapaswi kufika gerezani kabisa. Mahakama ya kwanza ya kesi za dawa za kulevya ilianza Miami, Marekani, mwaka 1989, na wazo lake ni zuri: hakimu mmoja, mshtakiwa anarudi mbele yake kila baada ya wiki mbili, tiba badala ya kifungo. Naiunga mkono, kwa masharti. Isichukue wenye makosa mepesi wasio na uraibu. Hao wakichanganywa na wazoefu hutoka wakiwa wabaya zaidi. Na adhabu itofautishe mambo. Mraibu wa mwezi wa kwanza anaweza kufika kwenye miadi na kusema kweli, hivyo akikwepa au akidanganya aadhibiwe kidogo na mara moja. Kuacha kabisa bado hakuwezi. Mkojo wake ukionyesha heroini, kinachobadilika ni dozi na ratiba ya tiba. Kipimo cha haraka nacho kithibitishwe maabara kabla ya mtu kupoteza uhuru wake, kwa kuwa hukosea, na bangi ya mtumiaji wa kila siku hubaki kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha. Hakimu anayemkataza mshtakiwa methadoni kwa madai kwamba ni kubadilisha ulevi kwa ulevi anafanya kazi ya daktari bila kuijua.

Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2015, zinataka tiba ya mfungwa iendelee bila kukatika, na zinautaja utegemezi wa dawa za kulevya kwa jina. Jimbo la Rhode Island, Marekani, lilipoanza mwaka 2016 kutoa methadoni, buprenofini na naltreksoni (dawa inayozuia heroini isifanye kazi) katika magereza yake yote, na kumuunganisha kila mtu na kliniki ya nje, vifo vya kuzidisha dawa miongoni mwa waliotoka gerezani vilipungua kwa asilimia 60 ndani ya mwaka mmoja. Nauona huo uunganisho kuwa nusu ya kazi.

Anayeachiwa Ijumaa saa kumi jioni anakuta kliniki imefungwa hadi Jumatatu. Wikiendi nzima bila dozi, hana nauli, na anayemjua pekee anayeshika simu ni muuzaji wake wa zamani. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2023 kuruhusu watu kama hao kuachiwa hadi siku mbili za kazi kabla, ili wasitoke Ijumaa. Mtu atoke asubuhi ya siku ya kazi, akiwa ameshakunywa dozi ya siku hiyo. Mkononi awe na barua yenye kiasi cha dozi na saa aliyoinywa, jina la kliniki inayomngojea kesho yake, na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha. Atakayekaa naye nyumbani afundishwe kuitumia kabla ya siku hiyo, na aambiwe kwamba nguvu ya naloksoni huisha ndani ya saa moja na nusu au chini ya hapo, wakati methadoni bado iko mwilini, kwa hiyo hata aliyezinduka apelekwe hospitali.