Kutoka Iringa hadi Vancouver: je, mhamiaji naye ni mlowezi?

Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971, iliyochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ilichangia kuziondoa Iringa na Mbeya familia nyingi zenye asili ya India zilizokuwa na maduka katika miji hiyo. Baadhi yao, hasa Waismailia, walihamia Kanada. Kwa hiyo mjadala unaoendelea huko kuhusu wenyeji wa asili na wahamiaji unatuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko tunavyodhani. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyehesabiwa kuwa mgeni Iringa, akafika Vancouver na masanduku mawili, naye ni mlowezi kama Mwingereza aliyeitwaa nchi ile?

Wapo wanaojibu ndiyo bila kusita. Wanasema sehemu kubwa ya jimbo la British Columbia haikuwahi kukabidhiwa kwa mkataba wowote, na kwamba kila hati ya nyumba inayotolewa huko imesimama juu ya ardhi ambayo wenyewe hawakuiuza. Mhamiaji anayenunua nyumba hiyo ananufaika na unyang'anyi huo, hata kama hakuufanya yeye.

Jibu la pili, ambalo huku kwetu hudhaniwa kuwa ni kisingizio cha kukwepa lawama, ni kwamba wahamiaji wasio Wazungu na wenyeji wa asili walikandamizwa na mkono mmoja, na kwa sababu moja. Tazama mwaka 1885 peke yake. Mwaka huo ndio reli ya kuvuka Kanada ilipokamilika, baada ya maelfu ya vibarua wa Kichina kuvunja miamba katika milima ya magharibi. Kabla haijakamilika, reli hiyohiyo ilibeba askari kwenda kuzima upinzani wa Wametisi, watu waliozaliwa na mchanganyiko wa wenyeji wa asili na Wazungu, na wenzao katika nyanda za kati, na kiongozi wao, Louis Riel, akanyongwa mwezi Novemba. Kazi ya vibarua ilipokuwa inakwisha, bunge lilipitisha kodi ya dola 50 kwa kila Mchina atakayeingia nchini, kodi ambayo kufikia mwaka 1903 ilikuwa dola 500. Mwaka huohuo wa 1885 sheria ya uchaguzi iliwanyima kura Wachina na pia wenyeji wa asili wa magharibi, na mwenyeji aliyetaka kutoka nje ya eneo alilotengewa akaanza kudaiwa cheti cha ruhusa. (Kwetu, mwaka huo huo, kampuni ya Carl Peters ilipata hati ya ulinzi kutoka Berlin, ulikuwa mwaka wa shughuli nyingi kwa watu wa namna hiyo.)

Cheti hicho kilikuwa karatasi iliyoandikwa jina la mtu, anakokwenda, shughuli inayompeleka na siku anazoruhusiwa kukaa, na chini yake sahihi ya ofisa wa serikali. Wazee wa Njombe waliokwenda mkonge kama manamba, wakijaziwa kipande siku baada ya siku, hawahitaji kuelezwa karatasi ya namna hiyo humfanya mtu ajione vipi katika nchi ya babu zake. Mwaka 1914 meli ya Komagata Maru ilitia nanga Vancouver ikiwa na abiria 376 kutoka India, wengi wao Masingasinga, na baada ya miezi miwili karibu wote walirudishwa baharini, ingawa walikuwa raia wa himaya ileile ya Uingereza. Mmoja alikatazwa kutoka, mwingine akakatazwa kuingia, na aliyeshika lango alikuwa yuleyule.

Nadhani tunashindwa kuliona hili kwa sababu ya historia yetu. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliwakutanisha walowezi Tukuyu mwaka 1925 akitaka nyanda hizi zifungamane na Kenya, lakini ndoto yao haikutimia; walowezi walibaki wachache, na dola haikuwa yao. Basi hasira yetu ikamwangukia mwenye duka, ambaye tulimwona kila siku na mizani yake, naye kwa kweli hakuwa malaika.

Hata hivyo, mfanano huo una mpaka, na wanaoutetea huupita haraka. Wakanada wenye asili ya China na India walipata kura ya kitaifa mwaka 1947, ilhali wenyeji wa asili waliosajiliwa walisubiri hadi mwaka 1960 kupiga kura bila kulazimika kuacha hadhi yao ya kisheria. Kuanzia mwaka 1927 hadi 1951 ilikuwa kosa kuchangisha fedha za kumlipa wakili wa kudai ardhi yao. Mhamiaji aliomba ahesabiwe miongoni mwa raia. Mwenyeji alidai nchi yake. Dai la kwanza laweza kutimizwa bila la pili kuguswa, na ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo simwiti mlowezi mtu aliyefukuzwa mlango mmoja akabisha mwingine, lakini sikubali kwamba mateso ya babu yake yanamlipia deni. Tangu mwaka 2021 kiapo cha uraia wa Kanada kinamtaka kila mhamiaji atambue haki za wenyeji wa asili na mikataba yao. Kuapa ni rahisi. Mwezi Agosti 2025 Mahakama Kuu ya British Columbia iliamua kwamba watu wa Cowichan, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili, wana haki ya asili ya kumiliki sehemu ya ardhi ya mji wa Richmond, ambako zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya China. Hati za watu binafsi hazikufutwa, lakini wenye nyumba waliingiwa na hofu, na uamuzi huo umekatiwa rufaa. Wale wanaosema historia yao na ya wenyeji ni moja sasa watalazimika kuchagua wanasimama upande gani rufaa hiyo itakaposikilizwa, huku hati za nyumba zao wenyewe zikiwa mezani.