Kijiji kilichokuwa kinajua: wahusika wadogo wa One Piece mbele ya kamera

Katika One Piece, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya maharamia, kuna mzee mmoja anayevaa kititia juu ya kofia yake. Anaitwa Genzo, na ndiye mlinzi wa amani wa kijiji cha Cocoyasi. Sura yake ni ya ukali, imejaa makovu, na kile kichezeo cha watoto kinachozunguka na upepo hakimfai hata kidogo. Alikiweka pale zamani, Nami, mmoja wa wahusika wakuu, alipokuwa mtoto mchanga, kwa sababu mtoto alikuwa akilia kila alipomwona usoni. Kititia kikizunguka, mtoto anacheka. Basi hakukivua tena.

Namtanguliza Genzo kwa sababu tangu Netflix ilipotoa tamthilia ya One Piece yenye waigizaji halisi, tarehe 31 Agosti 2023, mabishano mengi yamekuwa juu ya wakubwa. Je, Iñaki Godoy anafaa kuwa Luffy, yule nahodha? Upanga wa Zoro, mpiga panga wake, umekaa sawa mkononi mwa Mackenyu? Kwangu hayo yamekwisha: wamefaa. Suala lenye uzito liko kwa wale wa pembeni, kwa kuwa hao ndio waliokatwa, wakaunganishwa, wakapandishwa vyeo au kubadilishwa nyoyo. Na mhusika wa pembeni akibadilishwa, hata yule wa katikati habaki vilevile.

Kwanza tuwatendee haki waandaaji. Eiichiro Oda alianza kuichora hadithi hii mwaka 1997 katika jarida la Weekly Shonen Jump, na mchora manga wa kila wiki ana anasa ambayo mtu wa televisheni hana: karatasi. Akimpenda mtu wa kupita njia, anamrudisha wiki ijayo. Msimu wa kwanza wa tamthilia ulikuwa na sehemu 8 tu, zikibeba takriban sura 100 za mwanzo. Kila sura mpya ya mtu ni mwigizaji wa kulipwa, nguo ya kushonwa na siku ya kupiga picha kule Cape Town. Anayesema "wangeacha kila kitu kama kilivyo" hajapiga hesabu. Na Oda mwenyewe hakuwa mgeni mualikwa. Alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu, na kabla ya kutolewa aliwaandikia wasomaji kwamba Netflix wamekubali kutoitoa mpaka aridhike. Kwa hiyo hoja kwamba wageni wameiba kazi ya mzee wa watu haina mashiko hapa. Mabadiliko mengi yalipita mbele ya macho yake.

Na yapo yaliyopita kwa faida. Mchukue Koby. Ndani ya manga anaonekana tangu sura ya 2, kijana mwoga wa miwani anayefanyishwa kazi za kitumwa katika meli ya haramia Alvida. Luffy anamtoa huko, anajiunga na jeshi la wanamaji, kisha anatoweka katika simulizi kuu. Anayetaka kujua alikokwenda lazima aangalie mahali ambapo wasomaji wengi hawatazami: michoro ya ukurasa wa kwanza wa kila sura. Kuanzia sura ya 83 hadi 119 Oda alitumia kurasa hizo kuchora maisha ya Koby na mwenzake Helmeppo jeshini, picha moja kwa wiki, karibu bila maneno. Garp naye, yule afande mzee, alionekana kwa mara ya kwanza humo humo. Kwamba ni babu yake Luffy, msomaji anakuja kuambiwa baada ya sura 400 kupita.

Tamthilia imeiokota hadithi hiyo ya pembezoni na kuiweka sebuleni. Tangu sehemu ya kwanza Garp yupo, akisimamia kuuawa hadharani kwa Gold Roger, mfalme wa maharamia. Msimu unapofika katikati tunajua anamwinda mjukuu wake mwenyewe. Koby na Helmeppo wako chini yake, wakifundishwa na kuulizwa maswali magumu. Wapo walioumia kwa hilo, na naelewa. Garp wa manga anatokea kwa kuvunja ukuta na kumtwanga ngumi mjukuu aliyelala; msomaji anacheka na kushtuka kwa wakati mmoja, na mshtuko huo ulilipiwa kwa miaka ya kungoja. Ukishaambiwa mapema, huwezi kuurudisha.

Hata hivyo, hapa nasimama na tamthilia bila kusita. Bila Garp na Koby, msimu ule ungekuwa safari ya kutoka kisiwa hadi kisiwa, kila kisiwa na adui wake. Wao wameupa uti wa mgongo. Zaidi ya hapo, Morgan Davies anamcheza Koby kama kijana anayeona kwa macho yake kwamba sare ya serikali inaweza kuvaliwa na mwovu na bendera ya fuvu ikapeperushwa na mtu mwema, na bado anachagua sare. Uchaguzi huo katika manga ulihitaji miaka kukomaa. Hapa tunauona ukikomaa. Vincent Regan naye kampa Garp uchovu ambao Oda, katika zile kurasa za mapema, hakuwa bado na nafasi ya kuuchora. Anapopambana na Luffy mwishoni, anapiga kama babu anayetaka kujua kama mtoto aliyemlea ataweza kusimama. Tukio hilo halimo katika sura zile. Lakini linatokana nazo.

Vivyo hivyo Arlong, haramia wa watu-samaki. Katika manga anamsubiri Luffy kwake, na chuki ya watu-samaki dhidi ya wanadamu inakuja kuelezwa kwa kina miaka mingi baadaye, hadithi inapofika Kisiwa cha Watu-samaki. Tamthilia imemtoa nje mapema, ikampeleka hadi mgahawa wa Baratie, na kumpa McKinley Belcher III maneno ya mtu aliyedhulumiwa ambaye naye amegeuka dhalimu. Kuna anayesema kumweleza adui ni kumsafisha. Sikubali. Arlong anayejua maana ya kuonewa, kisha anamwonea mtoto wa miaka kumi kwa makusudi, anatisha kuliko jitu lenye meno tu.

Gharama ya kumleta Baratie aliilipa Don Krieg. Huyu katika manga ndiye adui mkuu wa sehemu nzima ya mgahawa. Katika tamthilia anasambaratishwa na Mihawk, bingwa wa upanga, kwa dakika chache na habari yake inakwisha. Sikumlilia. Kazi aliyobaki nayo, ya kutuonyesha ukubwa wa Mihawk kabla Zoro hajathubutu kumkabili, aliifanya vizuri.

Walioachwa kabisa wana uzito tofauti. Johnny na Yosaku, wale wawindaji wa zawadi wanaomwita Zoro kaka, walikuwa kichekesho na wapeleka habari. Pengo lao linazibika. Watoto watatu wa kijiji cha Usopp, yule mwongo anayejiunga na Luffy, hapana. Watoto wale, Ninjin, Piiman na Tamanegi, walikuwa "maharamia" wake, na yeye nahodha wao. Anapokuja kulivunja kundi lile ili aende baharini kweli, tunamwona mtu akiuaga utoto wake mbele ya watu pekee waliowahi kumwamini. Tamthilia imeuhamishia uzito wote kwa Kaya, msichana tajiri rafiki yake Usopp, ikaongeza sumu ndani ya supu yake, jumba lenye giza na busu la kuagana. Celeste Loots anacheza vizuri mno. Lakini busu linatuambia Usopp anapendwa, wakati kilio cha wale watoto kilituambia kwamba uongo wake ulikuwa malezi. Ni jambo jingine kabisa.

Sasa nirudi Cocoyasi, kwa Genzo, maana hapa ndipo ninapotofautiana na tamthilia waziwazi.

Kisa chenyewe kwa asiyekijua: Arlong anakiteka kijiji na kutoza kodi ya uhai, 100,000 kwa kila mtu mzima na 50,000 kwa mtoto. Bell-mère, mama aliyewalea Nami na Nojiko, ana 100,000 tu. Anawalipia mabinti wawili, anauawa mbele yao. Nami, kwa kuwa ana kipaji cha kuchora ramani, anachukuliwa na Arlong, na wanaahidiana: akileta milioni 100, kijiji kitakuwa huru. Kwa miaka minane anaiba kutoka kwa maharamia, amevaa chale ya muuaji wa mama yake begani, na wanakijiji wanampa mgongo kama msaliti.

Ndani ya manga, fedha zile zinapokuja kunyang'anywa kwa hila karibu na kutimia, Nami anakimbilia kijijini akijilazimisha kutabasamu, anasema ataanza upya. Genzo anamkumbatia. Wanakijiji wote walikuwa wanajua. Walimbana Nojiko zamani sana akawaambia ukweli, nao wakakubaliana kuendelea kumchukia kwa nje, ili siku Nami akichoka na kutaka kutoroka, matumaini yao yasiwe kamba shingoni mwake. Kijiji kizima kiliigiza kwa miaka minane kwa kumhurumia binti mmoja. Niliposoma kurasa zile mara ya kwanza ilibidi niweke kitabu chini, kwa sababu ghafla kila uso wa chuki niliokuwa nimeupita ulinitaka nirudi kuutazama tena.

Katika tamthilia hakuna hilo. Nojiko, anayechezwa na Chioma Umeala, hajui. Anamwona dada yake kama aliyejiuza kwa muuaji wa mama yao, anamkabili kwa hasira, na ukweli anaufikia baadaye.

Utetezi wa badiliko hili una nguvu, na naomba usipuuzwe. Nojiko wa manga ni msimulizi: anakaa na Zoro, Usopp na Sanji, wenzake Luffy, na kuwahadithia maisha ya Nami kwa kurasa nyingi, huku Luffy akisema hana haja na historia ya Nami na kwenda zake kutembea. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye kamera, mwanamke aliyekaa akisimulia ni mwigizaji aliyenyimwa kazi. Kumpa Nojiko hasira ni kumpa jeraha lake mwenyewe, na Umeala analibeba: ugomvi wa madada wawili una joto, na mtazamaji mgeni anaugundua ukweli pamoja naye. Tena kumwonyesha Nami akiwa peke yake kabisa kunaufanya ule mwito wake kwa Luffy, anapojichoma kisu begani na kuomba msaada, uonekane kuwa mlango wa mwisho uliobaki. Tukio hilo bado linaliza watu. Nimeona.

Lakini tazama kilichopotea. Nami wa manga hamwombi Luffy kwa sababu hana mtu. Anamwomba kwa sababu watu wake, waliompenda muda wote, wameshika mapanga na majembe wanakwenda kufa kwa ajili yake, na hawezi kuwazuia. Kisu chake cha kwanza anakiinua kuwazuia wao. Uchungu wa aliyegundua alikuwa akipendwa kimyakimya haufanani na uchungu wa aliyeachwa, na Oda alichagua ule wa kwanza, ulio mgumu zaidi kuuandika. Tamthilia imechukua ule ambao hadithi nyingi zinao. Hapo ndipo nisipokubali kwamba muda ndio uliosababisha. Kukumbatiana kwa Genzo na Nami kungechukua dakika moja na nusu.

Badiliko la aina hii linanikumbusha filamu ya Marekani ya Death Note ya mwaka 2017, iliyotokana na manga nyingine. Misa Amane wa manga, msichana anayemwabudu Light, mhusika mkuu, na kutumiwa naye, aligeuzwa kuwa Mia Sutton, mwenye kiu ya kuua kuliko Light. Kwa upande mmoja ilikuwa kumpa mwanamke nia yake mwenyewe, na Misa kweli alihitaji kupewa kitu. Kwa upande mwingine, ubaya wote aliopewa Mia ulitolewa mfukoni mwa Light. Akabaki kijana aliyekokotwa, na manga ilikuwa inahusu kijana aliyejikokota mwenyewe. Waandishi walidhani wanagusa wa pili, wakambomoa wa kwanza.

Kwa Nami haijafika huko, na One Piece ya Netflix naiweka mbali sana juu ya filamu ile. Waliomwongezea Koby na Garp maisha waliipenda kazi na inaonekana. Ndiyo maana nawadai Genzo, na nina wasiwasi kwa Hatchan, yule pweza mpole wa kundi la Arlong ambaye katika msimu wa kwanza hakuonekana kabisa. Katika manga anarudi mamia ya sura baadaye akiwa muuza chakula, anakutana na Nami uso kwa uso, na ni lazima Nami aamue la kufanya na mtu aliyekuwa upande wa wauaji wa mama yake, sasa akiwa mtu mwema. Tukio hilo linamhitaji mtazamaji aliyemwona pale Arlong Park, ngome ya Arlong. Sijui utamleta vipi mtu kuomba radhi kwa siku ambayo hakuwepo.

Genzo wa manga, Arlong akishaanguka na Nami kuondoka na meli, anakwenda kwenye kaburi la Bell-mère, juu ya ule mwamba unaotazama bahari. Kofia yake haina tena kititia. Amekichomeka pale kaburini, kinazunguka.