Daktari wa hema na daktari wa kukaa

Jumamosi iliyopita hapa Kawangware tulikuwa na ile kempu ya matibabu ya bure, hema mbili, spika inapiga muziki kama kampeni, foleni imezunguka mpaka kwa wauza sukuma wiki. Nikapimwa presha, ati iko juu, nikapewa dawa za wiki mbili na nikapigwa picha. Sasa zikiisha nimtafute nani, hema ishang'olewa na namba ya simu hakuna. Sikatai, msaada ni msaada, mamangu alipata miwani kwa kempu kama hiyo na mpaka leo anasomea Biblia nayo. Lakini presha si jino, ung'oe mara moja uende zako.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasifiwa ati ni daktari wa jamii, mi huuliza tu, amekaa hapo miaka mingapi?

Chukua Father Angelo D'Agostino. Mmarekani, alianza kama daktari wa upasuaji, akaingia kwa Wajesuti ili awe padre, akarudi tena kusomea magonjwa ya akili (watu wengine huwa hawashibi vitabu), na mwaka 1992 akafungua kituo kinachoitwa Nyumbani hapa Nairobi, kwa watoto yatima wenye virusi vya Ukimwi. Na hiyo ni miaka gani jamani, ARV, zile dawa za kupunguza makali ya virusi, kwetu zilikuwa hazijafika, kwa hivyo kazi ilikuwa kumlisha mtoto, kumbeba, kumshika mkono, halafu kumzika. Unazika huyu na kesho unapokea mwingine. Mi ningerudi kwetu.

Yeye hakurudi. Mwaka 1998 ukaanza mradi wake wa Lea Toto, watu wake wakaanza kuingia mitaa kama Kangemi kuwaona watoto manyumbani kwao, hukohuko kwa mabati, maana si kila mtoto mgonjwa anafaa kutolewa kwa shosho yake apelekwe kituoni. Halafu dawa zikaja na watoto wakaanza kukua, na hapo ndipo shida mpya ikazuka, mtoto akikua si anataka shule? 2003 elimu ya msingi ikawa bure, Kenya nzima watoto wakafurika madarasani, lakini wa Nyumbani wakifika wanaambiwa nafasi zimejaa. Basi mzee, umri unaelekea themanini, akaenda kortini, na mwanzo wa 2004 ikakubaliwa watoto waingie shule za umma kama wenzao. Kwangu hiyo ndiyo dawa kubwa zaidi aliyowahi kutoa, na haiuzwi kwa duka lolote la dawa. Alikufa Novemba 2006, na kule Kitui tayari alikuwa ameanzisha kijiji cha yatima na wazee waishi pamoja.

Watasema huyo alikuwa padre, hana bibi wala karo ya kulipa. Sawa, lakini hapa karibu na steji tuna daktari mwenye karo za watoto watatu na bado ndiye mweka hazina wa kamati ya mtaro, na juzi kwa baraza la chifu alisimama akasema wazi kuwa kuhara kwa watoto wetu hakutaisha kwa vidonge kama maji taka yanapita mlangoni. Hakuna aliyempiga picha. Sisi humlaumu tu kwa foleni yake ndefu.

Zangu zimebaki tembe nane. Kesho asubuhi niko kwa hiyo foleni.